Glaida dhidi ya upepo wa mbele: anayepunguza mwendo ili aokoe urefu huishia njiani

Mwalimu wa Fizikia, Mbeya (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Jumamosi moja ya mwezi Julai niliiangusha glaida ya wanafunzi wangu katikati ya shamba la pareto la jirani. Haikuharibika angani wala betri ya rimoti haikuisha. Niliiongoza kwa mazoea ambayo sasa nimetambua kuwa si sahihi, na kwa kuwa ninaamini wengi wetu tungefanya vilevile, nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu.

Glaida, kwa ambao hawajakutana nalo neno hili, ni ndege isiyo na injini, inayosonga mbele kwa kuteremka taratibu ndani ya hewa. Hiyo ya kwetu ilitengenezwa na wanafunzi wa kidato cha tatu kwa lile povu gumu jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi, fito za mianzi na utepe wa gundi. Mabawa yake yalikuwa na mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake ulikuwa gramu 400. Tuliipeleka kwenye uwanda wa malisho ulio nje kidogo ya mji, upande wa kupandia Kawetire. Alfajiri, kabla upepo haujaanza, tuliipima: ilikwenda mita 40 kwa sekunde 5, yaani mita 8 kwa sekunde, na kwa kila mita 10 za kwenda mbele ilishuka mita moja. Ilipofika saa nne upepo wa kusini mashariki ulikuwa umeshika kasi, kama ilivyo kawaida ya nyanda zetu wakati wa kipupwe, na moshi wa majani tuliyowasha ulisafiri mita 30 kwa sekunde 5. Wanafunzi wawili waliipandisha kwa kamba, wakikimbia kuukabili upepo kama watoto wanavyopandisha tiara, ikafika kama mita 50 na kujiachia. Niliizungusha ikafuata upepo, na kufumba na kufumbua ilikuwa mita 120 nyuma yetu, ikiwa imebakiwa na urefu wa mita 40 hivi.

Nikaigeuza irudi. Nilipoona inasogea polepole huku inashuka, nilivuta kijiti cha rimoti ili pua inyanyuke, nikiamini kwamba ninaokoa urefu. Pua ilinyanyuka, na kushuka kukapungua kidogo kweli. Lakini glaida ilisimama angani kama mwewe anayevizia vifaranga, bawa la kushoto likitikisika, kisha ikateremka karibu pale pale ilipokuwa hadi kwenye maua meupe ya pareto.

Hesabu yake ni nyepesi, na inasikitisha kwamba sikuifanya kabla. Glaida inayokwenda mita 8 kwa sekunde ndani ya hewa, ikiwa hewa yenyewe inarudi nyuma mita 6 kwa sekunde, juu ya ardhi inasogea mita 2 tu. Kwa sekunde hiyo hiyo inashuka sentimita 80. Kwa hiyo uwiano wake wa kwenda mbele na kushuka, ambao alfajiri ulikuwa 10 kwa 1, ulikuwa umeanguka hadi 2.5 kwa 1, na mita 40 za urefu zingeifikisha mita 100. Mimi nilipoipunguza hadi kama mita 6.5 kwa sekunde, niliiachia nusu mita tu ya kusonga mbele kwa kila sekunde, huku ikiendelea kushuka sentimita 70 hivi. Mita 40 za urefu zikanunua umbali usiofika hata mita 30. Ni sawa na mpiga kasia anayepanda mto Kiwira: akipiga kasia kwa nguvu inayolingana na mkondo hatasogea hata hatua moja, na jasho lake lote limekwenda bure.

Kosa langu lilikuwa kuangalia kushuka peke yake. Kuna mwendo unaoifanya glaida ikae hewani muda mrefu kuliko mwingine wowote, na kuna mwendo mwingine, mkubwa zaidi, unaoifikisha mbali kuliko mwingine wowote hewa ikiwa imetulia. Upepo ukija kwa mbele, mwendo wa kufika mbali unapanda tena. Mabaharia wa pwani, ambao upepo wa namna hii huuita wa mbisho, wanajua kwamba chombo kisicho na mwendo hakina usukani. Nasi wa angani tuna sababu yetu ya kuuheshimu mwendo.

Sababu hiyo imo katika aina mbili za ukinzani wa hewa. Ya kwanza ni ile tunayoifahamu wote, ya mwili wa ndege kusukuma hewa na kusuguana nayo, na hii hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani huu unakuwa mara nne. Ya pili ni gharama ya kuinuliwa. Bawa hubeba uzito kwa kuisukuma hewa kwenda chini, na kwenye ncha zake hewa huzunguka kama kimbunga kidogo kinachobaki nyuma. Ndege ikienda polepole inalazimika kuisukuma hewa hiyo kwa pembe kubwa zaidi, kwa hiyo ukinzani huu wa pili hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka, nao pia kwa kipeo cha pili. Pale aina hizi mbili zinapolingana ndipo jumla yake inapokuwa ndogo kuliko mahali pengine popote, na mwendo huo ndio unaoipa glaida uwiano wake bora.

Tuchukue glaida ya kweli. ASK 21, ndege ya mafunzo ya viti viwili inayotengenezwa na Schleicher wa Ujerumani, hutajwa kuwa na uwiano wa 34 kwa 1 katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Ukiipeleka mara mbili ya hapo, kilomita 180 kwa saa, ukinzani wa kwanza unakuwa mara nne na wa pili unakuwa robo. Jumla inakuwa zaidi kidogo ya mara mbili ya ile ya awali, na uwiano unashuka hadi 16 hivi. Hiyo ndiyo bei ya mwendo mkali, na hewa ikiwa tulivu hakuna sababu ya kuilipa isipokuwa mtu ana haraka.

Sasa tuiweke ndege hiyo hiyo juu ya uwanda wa Usangu, ikiwa na mita 1,000 za urefu, ikielekea kusini mashariki kwenye ukuta wa milima, na upepo wa mbele ukiwa kilomita 36 kwa saa. Nimepiga hesabu kwa kutumia kanuni ya ukinzani wa aina mbili niliyoieleza hapo juu. Rubani anayekwenda kilomita 67 kwa saa, mwendo ambao ndege hii hushuka polepole kuliko mwingine wowote, atafika kilomita 13 hivi. Anayeng'ang'ania kilomita 90 atafika kilomita 20. Anayekwenda kilomita 104 atafika 21 na ushei. Upepo ukiwa mara mbili ya huo, kilomita 72 kwa saa, yule wa 67 anarudi nyuma, akiwa ameelekeza pua mbele. Yule wa 90 anafika kilomita 7 kasoro. Na anayethubutu kilomita 130 kwa saa anakaribia kilomita 12. Marubani wana kanuni ya mkato inayosema uongeze nusu ya upepo wa mbele juu ya mwendo wako bora, na mnaona jinsi inavyolingana na hesabu: nusu ya 36 ni 18, na 90 ukijumlisha 18 unapata 108, ambapo tofauti na kilele cha 104 haifiki hata mita 200 katika safari nzima.

Lakini mwendo nao una mpaka. Katika upepo ule wa kilomita 36, anayekimbia kwa kilomita 180 kwa saa hafiki hata kilomita 13. Analingana na yule mwoga wa 67, au anazidiwa naye kidogo. Kwa hiyo sisemi kwamba kasi ni dawa. Ninasema kwamba kila upepo una mwendo wake, na mwendo huo uko juu zaidi ya ule ambao mkono wa mtu mwenye hofu ya kushuka hutaka kuuchagua.

Ninakaribisha maswali na marekebisho.

Fundi seremala, Mafinga

Habari za kazi, Mwalimu. Nimesoma mara mbili, na sehemu ya upepo nimeielewa. Swali langu linahusu uzito, kwa sababu mimi kazi yangu ni mbao na ninafahamu uzito wa kila kipande ninachokishika. Kama tatizo ni mwendo mdogo, je, si ingetosha kuifanya glaida iwe nzito zaidi ili iende kwa kasi? Lakini hapo hapo akili inaniambia kwamba kitu kizito kitaanguka haraka zaidi, na safari itafupika. Kipi ni kipi? Na pia ningependa kujua kama uzito huo unawekwa puani, maana ndivyo tunavyofanya kwenye vindege vya karatasi.

Mwalimu wa Fizikia, Mbeya

Fundi, nzuri sana, na swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kwa siku mbili.

Uzito ukiongezeka bila umbo la ndege kubadilika, uwiano wake bora haubadiliki. Glaida ya 10 kwa 1 inabaki 10 kwa 1. Kinachobadilika ni mwendo unaoupata uwiano huo, nao huongezeka kwa kipeuo cha pili cha ongezeko la uzito. Ni kweli kwamba inashuka haraka zaidi kwa kila sekunde, lakini pia inasonga mbele haraka zaidi kwa kiasi kile kile, kwa hiyo katika hewa tulivu itatua mahali pale pale ingetua ikiwa nyepesi. Tofauti ni kwamba itafika mapema. Na kwa kuwa itafika mapema, upepo wa mbele utakuwa na muda mfupi zaidi wa kuirudisha nyuma. Faida yote imo humo.

Kwa glaida yetu: ukiongeza gramu 225 juu ya zile 400 unapata 625, ambazo ni mara 1.56 ya uzito wa mwanzo. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 1.25. Mwendo unatoka mita 8 hadi mita 10 kwa sekunde, na kushuka kunatoka sentimita 80 hadi mita moja. Dhidi ya upepo ule ule wa mita 6, inasogea mita 4 juu ya ardhi badala ya 2. Uwiano wa ardhini unatoka 2.5 hadi 4, na mita 40 za urefu zinanunua mita 160 badala ya 100. Nilihitaji 120. Ingerudi.

Glaida za mashindano hufanya jambo hili kwa maji. Ndani ya mabawa yao mna matangi, na rubani hubeba maji kama jahazi linavyobeba farumi. Glaida ya bawa la mita 15 yenye uzito wa kilo 350 ikijazwa maji hadi kufikia kilo 525, mwendo wake bora wa kilomita 100 kwa saa hupanda hadi karibu 122, uwiano ukiwa ule ule. Gharama yake ni kwamba inapanda polepole zaidi ndani ya hewa moto inayopanda, ambayo glaida huitumia kupata urefu, na haiwezi kuruka taratibu kama ilivyokuwa. Ndiyo maana maji hayo hufunguliwa na kumwagwa hewani kabla ya kutua.

Kuhusu mahali pa kuuweka: usiweke puani. Uweke pale pale ndege inapolala sawasawa ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa, kwa kuwa ukiuweka puani utakuwa umebadilisha mizani, nayo itatazama chini na utalazimika kuivuta kwa usukani wa mkia, jambo ambalo nalo linaleta ukinzani. Na bawa lazima liwe na boriti ya kuubeba mzigo huo. Hapo ndipo fundi kama wewe unapohitajika kuliko mwalimu.

Mkazi wa Iringa

Mwalimu, heshima kwako. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilipata bahati ya kujifunza kurusha glaida, na mwanzoni kabisa nilikaa kwenye kiti cha mbele cha hiyo hiyo ASK 21. Hesabu zako ni sahihi, lakini naomba nizirekebishe mahali pamoja na kuziongezea mahali pengine, kwa sababu msomaji anaweza kuondoka hapa na kanuni moja na kuitumia hata isipostahili.

Kanuni ya kuongeza nusu ya upepo ni ya mtu anayeteremka moja kwa moja kuelekea mahali maalumu ardhini, kwa mfano uwanja anaotaka kutua. Rubani aliye katikati ya safari ndefu, anayesimama njiani kuzunguka ndani ya hewa moto inayopanda ili apate urefu mpya, yuko katika hali tofauti. Hewa hiyo moto nayo inachukuliwa na upepo. Yeye, ile hewa anayoiacha na ile anayoiendea wote wamo ndani ya mkondo mmoja, kama mitumbwi miwili inayoelea kwenye mto mmoja, na kwa hiyo upepo hauingii katika hesabu ya mwendo wake kati ya kituo na kituo. Kinachoingia ni nguvu ya kupanda anayoitarajia huko mbele: akitarajia kupanda kwa nguvu, aende kwa kasi, kwa kuwa urefu anaoupoteza ataurudisha kwa muda mfupi; akitarajia kupanda kidogo, apunguze. Aliyeifanya hesabu hii kuwa kitu cha kutumika ndani ya ndege ni Paul MacCready, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa glaida nchini Ufaransa mwaka 1956. Aliweka pete yenye namba kuzunguka kile chombo kinachoonyesha kupanda na kushuka, nayo ilimwambia rubani aende kwa mwendo gani. Ni yeye huyo ambaye baadaye, mwaka 1977, ndege yake ya Gossamer Condor, iliyoendeshwa kwa nguvu za miguu ya mtu, ilishinda tuzo ya Kremer.

La pili ni hewa inayoshuka. Mwalimu ameiweka ndege juu ya Usangu ikiuelekea ukuta wa milima, upepo ukitoka kusini mashariki. Upepo huo umeshaivuka safu ya Kipengere, na ukiteremka upande wa pili, ambao ndio upande wa Usangu, huteremka pamoja na hewa yote. Rubani huyo hatakutana na upepo wa mbele pekee. Atakutana na hewa inayomsukuma chini. Nimeirudia hesabu ya Mwalimu kwa kuongeza kushuka kwa hewa kwa mita moja kwa sekunde juu ya ule upepo wa kilomita 36. Kwa kilomita 90 kwa saa, zile kilomita 20 zinabaki 8 na nusu. Kwa kilomita 104, zinakuwa 10. Kwa kilomita 133 kwa saa, zinakuwa 11. Mwendo bora umepanda tena, na kwa kiasi kikubwa kuliko upepo peke yake ulivyoupandisha. Anayesita ndani ya hewa inayoshuka anajiongezea dakika za kuwa ndani yake.

Nieleze na jinsi mwendo huo unavyohisiwa, kwa kuwa namba hazisemi yote. Kwa kilomita 90 kwa saa unasikia mvumo mwembamba tu kwenye dirisha dogo la pembeni, na unaweza kuzungumza na mwalimu aliye nyuma yako bila kupaza sauti. Mbele yako, juu ya kioo, kuna kipande cha uzi wa sufu kilichobandikwa kwa utepe, kinachoonyesha kama ndege inakwenda moja kwa moja au inakwenda upande. Ukisukuma kijiti mbele, mvumo unakuwa ngurumo, ule uzi unakazana na kutetemeka kwa haraka sana, na usukani unakuwa mgumu mkononi. Kila tuta dogo la hewa linagonga kama daladala kwenye barabara ya vumbi. Mara ya kwanza mkono wangu wenyewe ulirudisha kijiti nyuma. Mwalimu wangu hakusema neno. Aliweka kidole kwenye kipima mwendo, kilichokuwa bado kwenye rangi ya kijani.

Na kwenye kipima hicho kuna mstari mwekundu, mpaka wa mwendo wa juu kabisa. Kwa ASK 21 uko kwenye kilomita 280 kwa saa. Kuuvuka ni kuyaweka mabawa na mkia katika hatari ya kuanza kutetemeka kwa mtetemo unaojilisha wenyewe hadi kitu kivunjike, na mtetemo huo hufuata mwendo halisi wa ndege ndani ya hewa, si namba inayosomwa kwenye kipima mwendo. Juu sana, ambako hewa ni nyembamba, kipima hicho husoma pungufu. Ndiyo maana kila glaida ina jedwali linaloushusha mstari huo kadiri inavyopanda. Mwaka 2018 glaida ya Perlan 2, iliyorukia El Calafate nchini Argentina, ilipanda kwa mawimbi ya upepo wa milima ya Andes hadi zaidi ya mita 22,000. Katika hewa ya kule mwendo halisi ni zaidi ya mara nne ya ule unaosomwa.

Jambo la mwisho ni karibu na ardhi. Upepo hupungua kadiri unavyoshuka, kwa sababu miti, nyasi na nyumba huuzuia. Glaida inayotua ikiukabili upepo wa kilomita 36 inaweza kukuta upepo huo umekuwa 20 katika mita za mwisho, na tofauti hiyo inaondoka moja kwa moja kwenye mwendo wake ndani ya hewa. Aliyekuja polepole atakosa kani ya kuinua akiwa na urefu wa nyumba ya ghorofa, wala hakuna nafasi ya kurekebisha. Hapo pia tunaongeza nusu ya upepo, lakini kwa sababu nyingine kabisa.

Mkulima, Chimala

Ninawasoma nikiwa chini ya ukingo huo mnaoutaja, karibu na ile barabara ya kona 57 inayopanda Matamba. Sina hesabu, ila nina macho. Mchana wa jua, mwewe na tai huzunguka kwenye miamba mabawa yamekunjuliwa yote, manyoya ya ncha yameachana kama vidole vya mkono. Ndege huyo huyo akiamua kuelekea upande unaotoka upepo, huyakunja mabawa kwenye kiwiko, yakawa kama herufi M, na kichwa kinashuka kidogo. Huondoka bila kupiga bawa hata mara moja. Nilidhani anajikinga na baridi. Je, ndilo hilo hilo mnalolieleza? Na glaida, ambayo bawa lake halikunjiki, inafanyaje?

Mwalimu wa Fizikia, Mbeya

Ndugu yangu wa Chimala, ndilo hilo hilo. Akiwa anazunguka anahitaji bawa pana ili aende polepole na kushuka kidogo. Akielekea kwenye upepo anahitaji mwendo, na bawa pana katika mwendo mkali ni mzigo tu wa msuguano. Kwa hiyo analipunguza. Uzito wake unabaki ule ule lakini unabebwa na eneo dogo zaidi, na hilo kwa hewa ni karibu sawa na kuongeza yale maji ya farumi.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa nchini. Colin Pennycuick, mwanasayansi Mwingereza wa mwendo wa ndege, aliwafuata tumbusi wa Serengeti angani akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo, aina ya Schleicher ASK 14, akilinganisha kushuka kwao na kwa ndege yake mwenyewe, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1971. Aliukadiria uwiano bora wa tumbusi kuwa karibu 15 kwa 1. Ni chini ya nusu ya ASK 21, lakini tumbusi hahitaji uwanja wala kamba ya kumvuta.

Kuhusu glaida, zipo zinazojitahidi kumwiga. Baadhi ya zile za mashindano zina ukanda kwenye ukingo wa nyuma wa bawa ambao rubani huushusha anapozunguka polepole na kuuinua juu kidogo anapokimbia, ili bawa libadilike umbo badala ya ukubwa.

Kwa ndugu wa Iringa ninasema ahsante, na ninakubali marekebisho yako. Nilikuwa nimeandika kana kwamba kila safari ya glaida ni ya kurudi nyumbani. Nami niongeze tu la kwetu: katika urefu wa mita 1,700, ambao ndio wa Mbeya kwa makadirio, hewa ina uzito wa karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Kipima mwendo kikisoma 90, ndege inakwenda karibu 98 kwa kweli, uwiano ukiwa ule ule. Dhidi ya upepo wa mbele, hiyo ni zawadi ndogo ambayo rubani wa Dar es Salaam haipati.

Jumamosi iliyopita tulirudi kule kule Kawetire. Fundi wa Mafinga alinitumia kwa basi fito mbili za msonobari zilizorandwa vizuri, tukazipachika ndani ya bawa kuwa boriti, na katikati, chini ya kifuniko, tukafunga misumari ya inchi 4 kwa mpira wa baiskeli hadi mizani ikasoma gramu 625. Upepo ulikuwa ule ule. Moshi ulikwenda mita 31 kwa sekunde 5. Kamba ilikuwa nzito zaidi na ilibidi wanafunzi watatu wakimbie badala ya wawili. Niliiacha ifuate upepo hadi kwenye mpaka wa shamba la pareto, nikaigeuza. Ilipoanza kurudi, pua ikiwa chini na sauti ya filimbi ikitoka kwenye ule mpira wa baiskeli, kidole changu kilitaka kuvuta kijiti. Nilikisukuma mbele kidogo. Ilipita juu ya vichwa vyetu ikiwa bado na urefu wa mti wa mkaratusi, na mwanafunzi aliyekuwa ameshika saa akasahau kuibonyeza.

Vipimo vya bawa na mahali pa boriti nitaviweka hapa kesho jioni, kwa wale watakaovihitaji.